Uzoefu wangu: njia ya miguu ya Flodden, alikouawa Askofu Mkuu Alexander Stewart

Alexander Stewart, mwana wa nje ya ndoa wa Mfalme James wa Nne wa Uskoti, alipewa uaskofu mkuu wa St Andrews, mji wa Uskoti, mwaka 1504 akiwa na miaka kama 11. Anayetaka kumwelewa aende kwenye uwanja wa vita vya Flodden, alikouawa, kijijini Branxton, Northumberland, kaskazini mwa Uingereza. Kiingilio hakuna. Stesheni ya karibu ni Berwick-upon-Tweed. Kutoka hapo utahitaji gari.

Panda kwanza hadi kwenye msalaba wa mawe wa mwaka 1910, utazame kusini. Kilima kilicho mbele ndiko walikojipanga Waskoti kupigana na Waingereza tarehe 9 Septemba 1513. Katikati utaona mteremko wa kawaida tu, na wengi hupiga picha wakaondoka. Shuka bondeni! Huko chini kuna kijito na udongo unaonata, ambao ukiwa juu huuoni, na Waskoti nao hawakuuona. Mikuki yao ilikuwa na urefu wa mita 5 hivi, na ilifaa pale tu safu ziliposhikamana. Tope lilipozivunja safu, mikuki ikawa mzigo, na Waingereza wenye silaha za mita 2 na ushee wakawamaliza. Mfalme aliuawa, na mwanawe pia, kijana wa miaka 20. Vaa buti; mvua ikinyesha, raba hazitoki salama.

Kasoro ni kwamba vibao vya njiani vinaeleza vita zaidi kuliko Kanisa, kwa hiyo jiandae kabla. Sheria ya Kanisa ilimzuia kijana huyu mara mbili: kuzaliwa nje ya ndoa, na umri, maana askofu alitakiwa awe ametimiza miaka 30. Ilibidi Papa atoe ruhusa maalumu. Baba yake alinufaika, kwa kuwa mapato ya jimbo yalibaki mikononi mwa ukoo wa kifalme. Lakini Alexander hakuwa askofu wa jina tu. Erasmus, mwanazuoni Mholanzi aliyemfundisha Siena, Italia, anasimulia kwamba macho yake yalikuwa dhaifu hata akasoma kitabu kikiwa karibu kugusa pua, na kwamba baada ya Kigiriki na sheria alipiga zumari na kinanda. Mwaka 1510 akawa Chansela wa Uskoti, yaani ofisa mkuu wa serikali ya mfalme. Mwaka 1512 akaanzisha Chuo cha St Leonard mjini St Andrews pamoja na John Hepburn, mkuu wa watawa wa huko. Kifo chake kinaniuma kila nikisoma habari hizi.

Ukipata siku ya pili, panda treni hadi Leuchars, kisha basi la St Andrews. Kanisa dogo la chuo hicho bado limesimama. Ulizia mapema siku linapofunguliwa.