Apatimenti mpya mtaani kwetu: ndani safi, nje bado sana

Nina miezi 14 ndani ya hili jengo jipya la ghorofa, na kabla ya hapo nilipanga miaka mingi nyumba za chini mtaa huohuo, kwa hiyo hapa naongea kama mtu aliyekaa pande zote mbili.

Mazuri yapo. Mwanga unaingia kutoka pande mbili, upepo unapita, maji yana presha hata huku ghorofa ya 7 manake wameweka tenki juu na pampu yake, soketi zinatosha, lifti inafanya kazi. Fundi bomba ukimwita anakuja siku hiyohiyo.

Ila mimi nilinunua kwenye ramani, yaani nimeanza kulipa jengo likiwa bado shimo, na ile brosha imeandika mita za mraba nikajua ni za ndani, kumbe wamejumlisha kuta, baraza na kipande cha korido ya watu wote! Siku ya funguo napima na tepu, chumba cha mtoto kitanda na kabati havikai pamoja. Jamani ulizeni eneo la ndani tupu ni ngapi na liandikwe kwenye mkataba. Afu sevisi chaji, yaani ile ada ya kutunza jengo, mwanzoni ilikuwa ndogo sababu mjenzi alikuwa anaifidia mwenyewe ili nyumba ziuzike, alipouza ya mwisho tu ikapanda karibu mara mbili. Kelele nazo zipo, juu yangu ni marumaru tupu, kiti kikiburutwa nakisikia chote.

Hayo yote navumilia. Kinachoniuma ni huku nje. Hiki kiwanja kilikuwa na nyumba 6, miti miwili mikubwa na udongo, mvua ikinyesha ardhi inakunywa. Leo kimemwagwa zege na pevingi mpaka ukutani, maji hayana pa kwenda yanatoka getini yanashuka kwa majirani wa chini, na mtaro ni uleule uliochimbwa enzi za nyumba 6, bomba la maji taka lilelile, wakati humu ndani tuko familia 64. Tunaishi pakavu sisi, wenzetu wanachota maji sebuleni.

Na chini hawakuacha hata fremu moja ya biashara. Palikuwa na kinyozi, fundi viatu, duka la rejareja, usiku taa zao ndo zilikuwa zinamulika njia. Sasa ni ukuta mrefu wa paki, giza, dada zetu wanazunguka barabara ya pili ili wasipite hapo.

Mwaka 1964 mwanasosholojia Ruth Glass akiandika kuhusu London ndiye aliyelipa jina hili jambo, gentrifikesheni, wenye kipato wanaingia mtaa wa wafanyakazi na waliokuwepo wanasogezwa mpaka wanaisha. Mimi nimeliona kwa mama niliyepakana naye ukuta kwa ukuta, kodi imepandishwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja na nyumba yake haijaongezwa hata msumari, kisa tu jirani pamejengwa ghorofa.

Ndani natoa nyota 4, nje 2. Ukitaka kununua hapa au jengo lolote la aina hii nenda siku ya mvua usimame getini uone maji yanaelekea wapi, urudi usiku upite kwa miguu, uone cheti cha jengo kukamilika, na uulize hati ya nyumba yako peke yako inatoka lini, yangu imechukua miezi 11 tangu nimalize kulipa.

Kiwanja cha mbele yetu nacho kimeshazungushiwa mabati, mjenzi ni huyohuyo. Tumemwandikia barua, wa ghorofani na wa nyumba za chini kwa pamoja, aache fremu upande wa barabara na mtaro upanuliwe kabla hajamwaga msingi. Yule mama ametia saini ya kwanza. Jibu bado.