TAHADHARI: kuna jamaa anauza senti ya 1799 iliyochongwa tarehe

Jamani wadau wa senti kubwa za Marekani, zile sarafu za shaba za zamani, hasa nyie mnaokusanya kwa namba za Sheldon (orodha inayoipa kila aina ya senti hizo namba yenye S), someni hii kabla hamjamtumia mtu hela. Kuna jamaa anauza shaba za zamani, anasema kaachiwa na marehemu babu yake, maneno matamu, meseji anajibu fasta, kila saa anakuita braza. Mimi kashanipiga dola 1,350 na juzi nimeona kaweka nyingine, na hadithi ni ile ile ya babu.

Yangu aliiandika 1799, S-189, R-7. Hapo kwenye R-7 ndo pa kushtukia. Ile ngazi ya uchache wa sarafu inaanzia R-1 mpaka R-8, na R-7 maana yake zinazojulikana ni kama 4 hadi 12 tu, sasa S-189 haiko huko kabisa, zipo za kutosha. Bei yake iko juu kwa sababu kila anayepanga seti ya mwaka kwa mwaka tangu 1793 lazima aitafute, na zilizobaki nyingi zimelika vibaya mno. Kwa hiyo ukiona mtu anachukulia bei kubwa ndo uchache, ama hajui anachouza ama anajua vizuri sana na anakuvuta.

Ilipofika nikaipima, gramu 10.6, nikaona sawa maana uzito wa kiwandani kuanzia mwisho wa 1795 ni 10.89 na hii imechakaa. Rangi ya kahawia safi, ukingo hauna mstari wa maungio kama zile feki za maganda mawili yaliyobandikwa pamoja. Nikalala nimefurahi kweli kweli. Kumbe vipimo vyote hivyo kwa wizi wa aina hii havisaidii kitu, kwa sababu shaba yenyewe ni halali ya Philadelphia! Ni senti ya 1798, mtu kaichonga ile 8 ya mwisho ikawa 9. Na za 1798 zipo tele, hata hizo senti 904,585 zilizoripotiwa na kiwanda mwaka 1799 inaaminika nyingi zilitoka na tarehe ya 1798, kwa hiyo mchongaji hakosi cha kuchonga.

Kilichomuumbua ni upande wa nyuma. Enzi hizo mihuri, yaani vyuma vya kugongea sarafu, ilitengenezwa kwa mkono, herufi inagongwa moja moja, kwa hiyo hakuna mihuri miwili inayolingana, kila mmoja majani yake na herufi zake zimekaa kivyake, na ndo maana hizi aina zikaweza kupewa namba. Mwizi anaweza kucheza na tarehe ila hawezi kuhamisha shada zima la majani. Nikakaa na lensi usiku wa Jumamosi, picha za S-188 na S-189, aina mbili za 1799, pembeni, nikaangalia majani yaliyo chini ya herufi, matunda, ile 1/100 ilivyokaa, hakuna kilichokubali. Nikaanza kupitia za 1798 moja baada ya nyingine mpaka nikaipata, jani kwa jani, herufi kwa herufi. Nilivyorudi kuangalia tarehe sasa najua natafuta nini, nikaona pembeni ya 9 uso umechimbika kidogo na pana rangi imepakwa kufunika shaba mbichi. Roho iliniuma, ile hela niliiweka miezi saba.

Nilipomwandikia akasema nimebadilisha sarafu mimi, halafu akaniblock. Na hela hairudi maana alishanishawishi nitume kama namtumia ndugu ili tusikatwe ada, ukituma hivyo huna pa kudai. Nikirudi kwenye tangazo lake naona sasa, picha ya mbele ilikuwa kali hata mkwaruzo unauhesabu, ya nyuma imepigwa kwenye kivuli. Nilimwomba nyingine akasema simu ina shida.

Hii mpya anasema iko kwenye kasha la plastiki la kampuni ya kukagua sarafu na kuzipa madaraja ya ubora. Makasha feki yapo jamani, msiridhike na namba ya kwenye kasha kukubali kwenye tovuti ya kampuni, namba ya sarafu halali inaweza kunakiliwa, fungueni picha ya kampuni mlinganishe na sarafu yenyewe. Na picha ya nyuma kaipiga kwenye kivuli vile vile.

Kama umeshaanza kuongea naye usitume kitu. Mwombe picha ya nyuma kwenye mwanga wa dirishani, akikupa niletee inbox, nina picha za aina nyingi za 1798 na hizo mbili za 1799, nakulinganishia siku hiyo hiyo bure. Na kama umelipa kwa kadi wapigie benki leo leo, usisubiri mzigo ufike.