Kapeti langu la sufu limeoshwa bila kusinyaa: uzoefu wangu hapa Nakuru

Kabla hajafungua begi la vifaa vyake, yule fundi alipiga goti kwenye kona ya kapeti, akavuta uzi mmoja uliokuwa umechomoza, akatoka nao nje ya mlango na kuuwasha kwa kiberiti. Uzi uliungua polepole, ukanuka kama nywele zilizoshika moto, kisha ukazimika wenyewe. Akayafikicha yale majivu kwa vidole yakawa unga. "Mama, hii ni sufu kabisa," akaniambia. "Ingekuwa nailoni ingeyeyuka iache tone gumu." Hapo roho yangu ikatulia, maana nilikuwa nimekaa zaidi ya mwaka mzima nikiogopa kumkabidhi mtu yeyote kapeti hili.

Ni kapeti la mita 2 kwa 3, limefumwa kwa mkono, na aliyetuachia ni baba mkwe. Tunakaa Lanet, na anayeijua Nakuru analijua vumbi lake. Udongo wetu ni wa majivu ya volkano, mwepesi, na ikifika Januari unaingia hata madirisha yakiwa yamefungwa.

Woga wangu una sababu. Nilikuwa na kapeti jingine la sufu, lile la kiwandani lenye mgongo wa nyuzi za gunia, nikalipeleka mahali wanapoosha magari kwa sababu ni karibu na bei ilikuwa nzuri. Walilitandaza kwenye sakafu ya simiti, wakamwaga sabuni ya unga, wakalisugua kwa brashi ngumu, wakalipiga maji kwa mashine ya presha, kisha wakalitundika kwenye ua likichuruzika. Siku ya tatu lilirudi bado lina unyevu, linanuka kama kondoo aliyenyeshewa, na limejikunja kingo zote nne. Nililipima: upande wa mita 2.4 ulikuwa umebaki 2.2. Na mistari ya rangi ya kahawia ilikuwa imepanda kutoka kwenye ule mgongo. Nililia, sioni haya kusema.

Sasa naelewa kilichotokea, na ni huyu fundi aliyenieleza akiwa anafanya kazi. Unywele wa sufu umefunikwa na vigamba vidogo sana, vimepangana kama vya samaki. Ukiupa maji ya moto na msuguo, vile vigamba vinashikana na kuvutana, nyuzi zinasongamana, na hazirudi tena zilivyokuwa. Sabuni ya unga nayo ina ukali wa magadi, na sufu haipatani na magadi. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe ni mbaya zaidi, inaila sufu yenyewe. Ule mgongo wa gunia ukilowa kabisa unasinyaa ukikauka, unalivuta kapeti lote.

Kwa hiyo hili la baba mkwe alilioshaje? Kwanza saa nzima ilikwenda kwa vumbi tu. Alilifyonza kwa mashine upande wa juu, akaligeuza kifudifudi, akafyonza mgongoni, akaligeuza tena. Mchanga uliobaki kwenye magazeti aliyotandaza chini ungejaza kikombe cha chai. Alisema mchanga huo ukikutana na maji unakuwa tope ndani ya nyuzi, na ukibaki mkavu unazikata kila mtu anapokanyaga. Ningeambiwa nichague sehemu moja ya kazi yake ya kusifu, ni hii, maana wengi wanairuka.

Kisha akalowesha kitambaa cheupe, akakibana dakika chache juu ya ua jekundu la katikati. Kilitoka cheupe, rangi haikuchuja. Ndipo akachanganya sabuni ya maji isiyo na magadi kwenye maji ya uvuguvugu, akaipiga mpaka ikawa povu, na lile povu ndilo alilolipaka kwa sponji, akifuata upande manyoya yanakolala. Hakusugua. Mashine yake ya kunyonya maji aliipitisha mara moja ikirushia maji kidogo, halafu mara tatu au nne ikinyonya tu. Maji yaliyotoka yalikuwa meusi kama ya kuoshea masufuria ya kuni.

Kuna jambo ambalo sikulijua kabisa: sufu inaweza kubeba unyevu wa karibu thuluthi moja ya uzito wake na mkono wako usihisi chochote. Jioni niligusa, nikaona limekauka, nikataka kurudisha makochi. Alikuwa ameshanikataza. Aliliacha limelala sakafuni, kingo ameziinua juu ya stuli ili hewa ipite chini, feni mbili zikivuma na madirisha yakiwa wazi. Hakulitundika, kwa sababu kapeti likiwa na maji linavutwa na uzito wake. Nilitoa plastiki ya kufunikia meza ya kahawa, nikaitandika juu ya kapeti kwa saa moja, na nilipoifunua ilikuwa na ukungu upande wa chini. Kesho yake mchana nikarudia, ikatoka kavu. Ndipo makochi yakarudi.

Yasiyonipendeza yapo. Alichelewa saa mbili na hakupiga simu. Alikuja bila waya wa kuongezea umeme, ikabidi niazime kwa jirani. Na lile doa la zamani la chai ya maziwa limebaki kivuli. Nilimsihi aongeze nguvu kidogo, akakataa, akasema akilazimisha atatoa doa pamoja na sufu. Siku ile nilikasirika. Leo namshukuru.

Nililipa shilingi 4,200, karibu mara tatu ya nilivyolipa kule kwa presha. Kwa kapeti la nailoni la bei ya kawaida nisingetoa pesa hizo, na kusema kweli halihitaji uangalizi wote huu. Kwa sufu nitazitoa tena. Ukimwita mtu, muulize kapeti lako atalikaushaje kabla hujamuuliza bei, na akitaja kulitundika kwenye ua mwambie asante, umebadilisha mawazo.

Utepe wa kupimia niliushika mwenyewe kabla na baada. Mita 2 kwa 3, kila upande. Nimemwambia arudi kabla mvua za Machi hazijaanza, aje amalizie lile dogo la chumbani, na safari hii waya wa umeme nitakuwa nao.