Semina ya Lugha kwa Waongoza Watalii, Arusha: Orodha Ndefu, Maelezo Haba

Wiki iliyopita nilihudhuria semina ya siku moja huko Njiro, iliyolenga kutufundisha sisi waongoza watalii maneno yanayofaa na yasiyofaa tunapozungumza na wageni kuhusu rangi na asili za watu. Ada ilikuwa shilingi 60,000 pamoja na chakula cha mchana, na kwa ule wali na kuku sina lalamiko.

Kilichonipeleka ni aibu ya zamani. Nilipoanza kazi nilimwita mzee mmoja kutoka Marekani "Negro", kwa kuwa ndilo neno nililolikuta vitabuni, naye akanyamaza hadi tulipoingia Karatu. Mwezeshaji alilifafanua jambo hili vizuri kuliko yote ya siku ile: kwamba Martin Luther King mwenyewe alilitumia neno hilo kwa heshima mwaka 1963, kwamba lilikuwamo katika fomu ya sensa ya Marekani hata mwaka 2010, na kwamba neno laweza kuanza likiwa jina na kuishia kuwa tusi kwa sababu ya vinywa lilimopitia.

Kisha tukagawiwa karatasi ya maneno ya kuepukwa, na hapo ndipo semina ilipopwaya. "Coloured" liliandikwa kuwa ni tusi, bila maelezo. Nilinyoosha mkono nikaeleza kwamba niliwahi kumpeleka Tarangire mama mmoja wa Cape Town aliyejitambulisha kwa neno hilohilo, maana huko Afrika Kusini ni jina la jamii ya watu wa asili mchanganyiko na limo katika sensa yao. Je, nilipaswa kumsahihisha? Mwezeshaji alijikuna kichwa, akasema tuendelee.

"Mzungu" nalo lilipigwa marufuku. Lakini pale sokoni Tengeru watoto humwita hivyo hata Mmarekani mweusi, kwa ajili ya mavazi na matamshi yake, naye aliyedunduliza miaka mingi ili aione Afrika huumia kweli. Anachohitaji ni mtu wa kumweleza palepale kwamba mtoto ametaja ugeni wake, si ngozi yake. Ajabu zaidi, karatasi haikugusa "Mang'ati", jina tunalowabandika Wadatoga, kabila la wafugaji, mbele ya wageni kila tunapokwenda Ziwa Eyasi, ilhali limetoka katika Kimaasai likiwa na maana ya adui.

Kwa kipindi cha asubuhi peke yake ningelipa tena ada ileile. Karatasi niliiacha mezani.