Moto wa mapambo: uzoefu wangu wa likizo ya familia Lushoto

Jina la hoteli sitalitaja. Si kwamba naogopa mtu. Kuna mzee anafanya kazi pale, na sitaki hasira zangu zimfikie yeye badala ya wanaostahili. Itoshe kusema ni hoteli ya bondeni, nje kidogo ya mji wa Lushoto, miti imeizunguka pande zote, na vyumba vya familia vina sehemu ya kuotea moto ukutani. Hoteli za namna hiyo zipo kadhaa kule, kwa hiyo msianze kubashiri.

Mwisho wa mwaka Dar hakukaliki, kila mtu anajua. Shule zilipofungwa tukasema safari hii tupande Usambara, mama apate hewa, watoto waone milima. Lushoto ipo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kipindi kile mvua za vuli zilikuwa bado zinamwagika, kwa hiyo jioni ikiingia kule sweta si urembo. Nililijua hilo. Ndiyo maana nilipopiga simu kuulizia chumba nilisema mapema kabisa: nina mama mtu mzima, magoti yanamsumbua, nataka chumba chenye moto. Nikatumiwa picha. Moto unawaka, magogo yamepangwa, zulia mbele yake. Bei yake ilikuwa juu kuliko ya vyumba vingine, nikatuma advansi bila kuomba punguzo, na wanaonifahamu wanajua mimi huwa naomba punguzo hata kwenye nauli.

Njia sitaielezea sana. Ukiacha barabara kuu pale Mombo ni kilomita 33 hivi za kona juu ya kona, mlima umekuegemea upande huu, korongo linakuchungulia upande ule. Watoto walitapika. Mama alisali kimyakimya kutoka Mombo mpaka kwenye maporomoko ya Soni, kuanzia Soni akasali kwa sauti.

Tukafika magharibi, mvua ya rasharasha, ukungu umeshashuka mpaka madirishani. Naingia chumbani, naelekea moja kwa moja kwenye sehemu ya moto. Imefagiliwa ikang'aa. Na katikati, pale palipotakiwa kuwa na magogo, kimekaa chombo cha maua ya plastiki. Mawaridi mekundu yenye vumbi. Nilikiinua nikakigeuza: karatasi ya bei ilikuwa bado imebandikwa kwenye kitako.

Nikaenda mapokezi. Dada aliyekuwepo macho yake yapo kwenye simu.

"Dada, habari za jioni. Kuni za chumba chetu zinaletwa saa ngapi?"

"Kuni za nini?"

"Za moto. Kule chumbani."

"Aa, ile ni ya mapambo tu."

Nikamfungulia picha waliyonitumia kwa namba ileile ya hoteli. Akaitazama kama anayeoneshwa picha za harusi ya watu asiowajua. "Hiyo ya zamani," akasema. Halafu, hata hajameza mate: "Na mgeni anayetaka kuni anatoa taarifa asubuhi."

Hapo naomba mnisaidie, ndugu zangu. Kama ni pambo, taarifa ya asubuhi ni ya nini? Na kama kuni zipo kwa mwenye taarifa, mimi niliyetoa taarifa tangu nikiwa Dar, tena pamoja na hela, sijatoa taarifa?

Wakati nabishana, mama akawa ameshatoka chumbani, amejitanda vitenge viwili, amesimama nyuma yangu. Dada hakuinuka. Shikamoo hakuitoa. Mama akamwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, baridi hii sisi hatujaizoea, tusaidieni hata blanketi la ziada."

Akajibiwa: "Bibi, huku ni Lushoto. Baridi mmeifuata wenyewe."

Kuni ningesamehe, wallahi. Hoteli ngapi zimenitumia picha za uongo nikanyamaza. Lakini mtu wa umri ule anasimama mbele yako kwenye baridi, unamjibu umekaa! Njiani pale Soni tulisimama watoto wapumue, vitoto vya shule visivyotujua wala kutaka kitu vikapita vikamwamkia mama kimoja baada ya kingine. Kwa hiyo tusisingizie ushamba wala milima. Watu wa kule wana adabu kuliko sisi wa mjini. Huyu aliamua tu.

Na yeye mwenyewe alikuwa amevaa koti zito, zipu mpaka kidevuni, na chini ya meza, karibu na miguu yake, hita ya umeme inawaka nyekundu. Mama aliiona kabla yangu. Akauliza, "Na hiyo nayo ni ya mapambo?" Dada akasonya. Tukarudi chumbani.

Wakati huo hukumu yangu ilikuwa nyota sifuri, na nilishaanza kutafuta hoteli nyingine usiku uleule.

Mlango ukagongwa. Mlinzi wa usiku, mzee mwenye kofia ya sufu na koti la mvua linalofika kwenye viatu. "Shikamoo mama," akamwambia mama yangu, ingawa kwa kuwatazama tu wangeweza kuwa rika moja. Alikuwa amesikia yote kutoka barazani. Stoo ya kuni imefungwa, akasema, na mwenye ufunguo ameshaondoka, lakini yeye kwake si mbali. Alikuwa ameshakwenda na kurudi: kuni za mkaratusi zimefungwa kamba, na kipande cha msonobari chenye utomvu cha kuwashia. Akayatoa yale mawaridi, akayaweka juu ya meza taratibu kama vile yatavunjika.

Moto ukashika mara moja, moshi ukarudi wote ndani. Watoto wakakohoa, mama akakimbilia dirisha. Mzee akauzima, akapiga goti, akaingiza kichwa na tochi, akachungulia juu. "Humu amehamia mtu," akasema. Akaenda nje, akarudi na mti mrefu, akachokoa dohani mpaka likaanguka furushi zima la nyasi kavu, manyoya na masizi. Kiota. Bahati nzuri wenyewe walikuwa wameshahama. Akakitumia hichohicho kuwashia moto mara ya pili, na safari hii moshi ukapanda unakotakiwa.

Basi. Mama akavua soksi. Mzee hakukaa muda mrefu kwa sababu lindo ni lindo, lakini aliwaambia watoto kwamba enzi za Wajerumani mji huu uliitwa Wilhelmstal, na wazungu waliokuwa pwani walipanda huku kulikimbia joto. Mwanangu mdogo akauliza kama nao walitapika Soni. Mzee alicheka mpaka akashika mlango. Nami nikajikuta nimeshapandisha mpaka nyota tatu.

Asubuhi zikawa nne. Hapo lazima niseme haki: lile bonde ni zuri kupita maelezo. Ukungu unanyanyuka polepole, unaanza kuona matuta ya kabichi na karoti upande wa pili, kina mama wameshabeba mizigo kichwani wanaelekea sokoni, na jogoo anawika mbali sana lakini unamsikia kama yupo dirishani. Tukaenda Irente. Unasimama ukingoni mwa jabali, na chini yako, karibu mita 1,000, tambarare yote ya Mazinde na mkonge wake, mawingu yanapita chini ya miguu. Mama alikaa mbali na ukingo akasema anaona vizuri hapohapo. Kwenye msitu wa Magamba tukaona mbega, na kinyonga mwenye pembe mbili puani ambaye mwanangu mkubwa aligoma kumwacha. Tuliondoka pale kwa kumdanganya kwamba kesho tutamkuta.

Chakula cha hoteli hakikuwa na kosa. Vitanda safi. Dada wa mapokezi alikuwa akitupita kama fanicha, nasi tukajifunza kumpita vilevile. Stoo ya kuni kumbe ina ufunguo na mwenye ufunguo yupo. Siku zilizofuata kuni ziliingia bila neno. Nikasema labda siku ile alikuwa na yake. Kila mtu ana siku mbaya. Ningeandika nyota nne, nikaishia hapo.

Halafu ikaja bili.

"Kuni na huduma ya moto", elfu kumi kila usiku. Kila usiku, pamoja na ule wa kwanza. Yaani zile kuni mzee alizobeba begani kutoka nyumbani kwake, kuni zake, za kupikia familia yake, hoteli imeniuzia mimi. Nikaomba kumwona meneja. Kijana mstaarabu, shati limepigwa pasi, ana jibu moja: "Mfumo ndio umetoa hivyo." Nikamwambia kuni zilikuwa kwenye bei ya chumba, hii hapa picha. Akasema picha inaonesha sehemu ya moto, haisemi kuni ni bure. Nikamwambia mfanyakazi wenu alisema ni pambo. Akasema hapo kuna tatizo la mawasiliano. Ilibaki kidogo nitaje kuni za usiku wa kwanza zimetoka wapi, lakini mzee alikuwa getini ametoka lindo, akanitikisia kichwa: acha. Nikaacha. Meneja "akanisaidia" akafuta nusu. Nusu! Ile nusu nyingine nimeilipa ya nini? Ya mawaridi?

Nililipa, nikaomba risiti, na pale getini nikampa mzee kiasi kilekile mkononi. Alikataa mara mbili.

Kwa hiyo msiniulize nyota. Nikikumbuka bili ni moja, nikimkumbuka yule binti na hita yake siweki hata hiyo moja. Anayetaka kwenda aende, bonde halina kosa lolote, ila advansi usitume mpaka uwe umeandikiwa kwa maneno kwamba kuni zipo ndani ya bei, na ukifika chungulia dohani kabla hujafungua mabegi.

Mama ameshaanza kuulizia nauli ya Pasaka. Nimemwambia Lushoto tutarudi, lakini pale hatulali. Kanijibu yeye atalala kwenye chumba chake chenye moto, mimi nikatafute pa kwangu.