Nimefunga gesi kwenye GX110, haya ndo niliyoyaona mpaka sasa

Niseme mapema, mimi sio dereva wa teksi mtandao na sina karakana ya kufunga gesi. Ni mtu tu napenda magari, na ndinga yenyewe ni Toyota Mark II Grande, GX110, ile ya injini ya 1G-FE, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, cc 1988, matairi ya nyuma ndo yanasukuma. Wenye nazo hamhitaji maelezo, ukiwa umesimama kwenye taa injini imetulia mpaka abiria anauliza kama imezima.

Shida yake ni wese. Natoka Kibamba kwenda mjini kila siku ya kazi, ile barabara pana inakubembeleza vizuri mpaka Kimara halafu kuanzia hapo unatambaa, mguu breki mguu ekseleta, basi la mwendokasi linakupita pale katikati na wewe upo palepale. Kwa mwendo huo lita moja nilikuwa napata kilomita 7 au 8, na petroli hapa Dar ilikuwa inazunguka kwenye 3,000 hivi, kila EWURA wakitangaza bei mpya naangalia kama mtu anasubiri majibu ya mtihani. Watu wakaniambia uza nunua Toyota IST. IST sina ugomvi nayo jamani, injini yake ya 1NZ haina makuu na spea zake ukienda pale Gerezani mjini unazikuta kila duka, ila mtu aliyezoea silinda sita ukimpa IST mbona utamtesa tu. Kwahiyo nikaamua gesi asilia, yaani CNG.

Kufunga. Hapa msiangalie bei kwanza, muangalieni fundi. Silinda sita maana yake nozeli sita za kupulizia gesi, kwahiyo nimelipa zaidi ya mwenye silinda nne, milioni mbili kasoro na mtungi ukiwemo. Fundi niliyempata kabla hajagusa chochote alikagua plagi na koili, akapima kompresheni, akaniambia plagi mbili zimechoka tubadilishe zote kwanza. Nilimpenda papo hapo, maana gesi inahitaji cheche kali kuliko petroli, plagi iliyochoka kwenye petroli inavumilia ila kwenye gesi gari inaanza kukohoa halafu watu wanasema gesi imeua injini. Akimaliza kufunga anachomeka kompyuta mnatoka nayo barabarani, yeye anarekebisha huku wewe unaendesha. Kama fundi anakukabidhi funguo bila kufanya hii kitu, bado hajamaliza kazi.

Kuendesha sasa. Gari inawaka na petroli kama kawaida, injini ikishapata moto inahamia gesi yenyewe, kwenye swichi pale chini ya usukani kale kataa kanabadilika na ukiwa na redio hata husikii. Nguvu inapungua kidogo, asikudanganye mtu, kwa sababu gesi inachukua nafasi ya hewa kwenye silinda. Mjini hutaiona kabisa. Utaiona Chalinze, upo nyuma ya semi unataka kuovateki, unakanyaga na ile gia inashuka ila mgongo haukandamizwi kama zamani. Mimi narudisha petroli kwanza ndo natoka, sekunde moja tu unabonyeza swichi. Na mlio umebaki uleule, hilo ndo lilikuwa linaninyima usingizi kusema kweli.

Buti ndo limeondoka. Mtungi wa chuma umelala nyuma ya siti, spea tairi nimeihamishia pembeni na imekaa kihasara, ukienda Morogoro sahau habari ya kurudi na mikungu ya ndizi. Nyuma pamekuwa pazito, matuta ya mtaani kwetu nilianza kugusa chini mpaka nikabadilisha springi. Hii watu hawakuambiagi wakati wa kuuziwa.

Hela. Wakati nafunga kilo ya gesi ilikuwa kama 1,550 na kilo moja inafanya kazi ya karibu lita moja na nusu ya petroli, kwahiyo napata kilomita 11 mpaka 12 kwa kilo hata kwenye foleni. Piga mwenyewe, ni kama theluthi ya nilichokuwa nachoma. Petroli bado naweka, usiache tenki likauke, pampu ya mafuta imo humo ndani na inapoozwa na mafuta hayohayo.

Haya, sasa foleni ya gesi. Hapa ndo unalipa ile hela uliyookoa. Magari na bajaji za gesi zimeongezeka haraka kuliko vituo, na kuna kituo kimoja sikitaji jina ambapo nimeshawahi kukaa mpaka nikalala, nikaamka, nikala chipsi mayai na bado nipo mbele ya geti. Usiku wa manane ndo nafuu. Ila kusubiri naweza kuvumilia, kinachonikera ni ukifika pampu. Mnashushwa wote, boneti linafunguliwa, jamaa anachomeka mpira, na wewe unatolea macho geji ya presha. Mtungi ukijaa inatakiwa isome bar 200. Sasa mkiwa wengi mmejaza mfululizo kompresa ya kituo inachoka, geji inafika 150 inagoma hapo, na jamaa anakwambia "mkuu imejaa hiyo". Haijajaa! Utapewa robo tatu na kesho kutwa utarudi foleni. Na mchana wa jua kali mtungi unapata moto wakati wa kujaza, geji inasoma juu halafu ukifika nyumbani ukipoa unakuta imeshuka, hapo hujaibiwa, gesi ikipoa presha inapungua yenyewe. Tangu kituo cha barabara ya Sam Nujoma pale karibu na Mlimani kiongezeke kuna ahueni, sio sana, ahueni.

Wife aligoma kupanda wiki ya kwanza, eti tumekalia bomu. Hii gesi sio ile ya jikoni mazee. Ya jikoni ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini inasubiri kiberiti, hii inayochimbwa Songosongo na Mtwara ni nyepesi ikivuja inapanda juu inapotea, na mtungi wake ni chuma nene kuliko tenki lolote la petroli. Ninachokiogopa mimi ni mtungi wa mtumba usio na cheti cha kupimwa, huo hata ukipewa bure kataa.

Kwa wenye Mark X na Crown mnaonitafuta inbox: injini zenu nyingi ni FSE, yaani D4, nozeli ya petroli inachungulia ndani ya silinda kabisa. Ukihamia gesi asilimia mia ile nozeli inakosa petroli ya kuipooza na inaungua. Kuna vifaa vyake maalumu, bei imechangamka, na hata hivyo petroli kidogo itaendelea kutumika. Fundi akikuambia "inafungika tu" bila hata kukuuliza injini gani, chukua funguo zako uondoke.