Bushi za poli na springi mpya mbele ya Land Rover 110: nini cha kununua, nini cha kuacha

Seti ya bushi za poli (mito ya plastiki ngumu ya poliurethani inayokaa kwenye maungio ya vyuma) inauzika kwa sababu moja: zinaingia kwa mkono. Bushi nyingi za raba zina ganda la chuma na zinataka presi, yaani mashine ya kusukumia. Ila kwenye Land Rover 110 urahisi huo unalipiwa baadaye, na si kila bushi iliyomo kwenye boksi inastahili kufungwa.

Mbele kuna bushi 4 za rediasi amu (mikono miwili inayounganisha ekseli na chesisi) upande wa ekseli, vipande 4 upande wa chesisi na 2 za panadi rodi, fimbo inayozuia ekseli isiende kushoto wala kulia. Panadi rodi ndiyo mahali pa poli. Usukani unakaza, na ule mtetemo wa kutisha unaotokea ukipiga shimo kwenye mwendo wa kasi mara nyingi hupungua, kama chanzo chake kilikuwa bushi na si beringi za swivo, zile ambazo tairi la mbele hugeukia. Pima kabla ya kununua: gari likiwa chini, mmoja acheze usukani kushoto na kulia, mwingine aangalie ncha za panadi rodi. Rodi ikitembea kabla ya ekseli, bushi zimekwisha.

Upande wa ekseli, funga raba. Kila rediasi amu imeshika ekseli kwa bolti mbili, moja mbele na moja nyuma yake. Tairi moja likipanda jiwe, amu mbili zinashindana kuisokota ekseli, na raba ndiyo inayokubali kunyumbulika. Poli ngumu haikubali, kwa hiyo ekseli inapanda na kushuka kidogo tu na nguvu zote zinahamia kwenye amu na pini yake ya chesisi. Vumbi likishaingia na grisi ikikauka, poli hulia kama mlango wa banda.

Springi zinatoka bila shida kubwa. Weka stendi chini ya chesisi, jeki chini ya ekseli, toa tairi, fungua nati ya chini ya shokomzoba na nati 4 za tareti (mnara wa chuma unaoshika kichwa cha shokomzoba), kisha shusha ekseli polepole. Paipu ya mpira ya breki isivutike. Pete yenye studi 4 inayoshika tareti hukatika studi kwa kutu, kwa hiyo nunua mbili mpya mapema. Ni bei ndogo kuliko siku nzima ya kuchimba studi. Amu haitoki bila kuachia tairodi (fimbo ya usukani inayounganisha tairi mbili za mbele) kwenye kona ya tairi, jambo ambalo mafundi wengi hulikumbuka wakiwa tayari wamelala chini ya gari.

Kuna modeli ambazo springi ya upande wa dereva si sawa na ya abiria. Linganisha alama za rangi kabla ya kuchanganya. Kama hakuna winchi wala bampa la chuma, springi nzito ni kujitesa tu. Kuinua zaidi ya milimita 50 kunapunguza kasta, yaani mwinamo wa kwenda nyuma wa mhimili ambao tairi hugeukia, ambayo kiwandani ni digrii 3, na usukani unaacha kurudi wenyewe baada ya kona.

Unapoingiza raba, presi isukume ganda la nje, kamwe si bomba la katikati. Ganda la zamani likigoma, kata kwa msumeno wa chuma bila kugusa amu. Kuchoma kwa moto kunafanya kazi, lakini moshi ni sumu.

Kosa linaloua bushi mpya ndani ya miezi michache ni kukaza bolti za mwisho tairi zikiwa zinaning'inia. Raba inashikwa ikiwa katika mkao usio wake, na gari likishuka inabaki imesokotwa hadi ichanike. Zikaze kwa mkono, shusha gari, litikise mara kadhaa, ndipo ukaze kabisa. Nati zenye pete ya nailoni zisirudiwe, na za panadi rodi zikaguliwe tena baada ya safari ya kwanza ya barabara mbovu.